Raki ya Usukani: Namna ya Kuitambua Iliyochakaa na Kuibadili

Katika maradhi yote yanayoipata motokaa, sijui lililo pole katika kumdanganya mwenyewe kama ulegevu wa usukani. Hauji kwa kishindo kama tairi linapopasuka, wala kwa moshi kama injini iliyokaukiwa maji. Huingia kidogo kidogo, leo kiasi cha unywele, miezi michache baadaye kiasi cha ukucha, na mkono wa dereva, kwa kuwa umezoea kutii macho, hujifunza kuufidia ulegevu ule siku baada ya siku pasipo kumwarifu mwenye mkono, hata ikawa anaupepesa usukani huku na huku katika njia iliyonyoka na kudhani kuwa hiyo ndiyo tabia ya gari lake. Bayana hupatikana siku gari linapoazimwa: jamaa aliyeketi mara ya kwanza nyuma ya usukani huo hafiki mbali, hulisimamisha kando ya njia na kuuliza ni kwa rehema gani mwenzake amekuwa akifika salama. Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza, kabla spana yoyote haijashikwa, ni kwamba mtu asiuamini mkono wake mwenyewe katika jambo hili. Ampe dereva mwingine mwenye adabu ya kazi aliendeshe gari mwendo mfupi, naye akae kando asikilize atakaloambiwa.

Nawaandikia hasa wenye magari wanaokwenda na kurudi baina ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Makazi haya yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na leo yamekusanya watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Ethiopia, nayo yameenea kandokando ya ziwa kiasi kwamba kutoka Base Camp kwenda Juru au Rubondo ni safari kamili. Magari yanayoifanya kazi hiyo aghalabu ni Noah, Ipsum, Corolla, Premio na Wish zilizokwisha kutumika Japani kabla ya kupandishwa meli, nazo zilibuniwa kuchukua jamaa wa nyumba moja katika lami, ilhali huku hupakiwa abiria wa kubanana pamoja na magunia ya mahindi na maharagwe, kisha zikaiacha lami upande wa Isingiro na kuingia katika changarawe, mashimo, na vile vifereji vinavyochorwa na mvua ya Machi na ya Oktoba. Humo humo ndimo anamolazwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya rufaa ya Mbarara usiku. Mtu akiisha kulitia hilo moyoni, hataona kuwa habari ya raki ni habari ya mafundi peke yao.

Na raki yenyewe ni ala sahili. Ndani ya kasha refu la chuma au aluminiamu, lililofungwa kwa upana nyuma au chini ya injini, imelala fimbo iliyochongwa meno upande mmoja mithili ya msumeno. Juu ya meno hayo hukaa gurudumu dogo liitwalo pinioni, lililounganishwa na mti wa usukani kwa krosi moja au mbili, na dereva akizungusha usukani, pinioni huisukuma fimbo kwenda kushoto au kulia. Katika kila ncha ya fimbo pana kifundo kiitwacho raki endi, kilichofichwa ndani ya mfuko wa mpira wenye mikunjo, na kutoka hapo mkono wa chuma hufika kwenye tairodi endi, ambayo ndiyo inayoligeuza gurudumu. Mkabala na pinioni, upande wa pili wa fimbo, mna kitako kinachosukumwa na springi ili meno yasiachane, na nyuma ya springi hiyo pana parafujo ya kurekebishia, ambayo nitaisema tena mbele kwa ukali, maana imewaponza wengi.

Wako wanaoshikilia kuwa raki ni kitu dhaifu kisichofaa nchi zetu, na kwamba sanduku la usukani, lile la malori na la Land Cruiser za mashirika zenye ekseli nzima mbele, ndilo la Afrika. Sikubaliani nao. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na raki. Na Peugeot 504 iliyoifuata, ambayo wazee wa Uganda na Kenya wanaikumbuka kama teksi ya masafa marefu, nayo ilikuwa na raki. Barabara mbovu peke yake haiiui raki upesi. Huuawa na vumbi, maji, na mzigo uliopita kipimo, na katika adui hawa watatu, wawili wa kwanza huzuiwa na ule mfuko wa mpira wa bei rahisi niliokwisha kuutaja.

Juu ya mfuko huo napenda kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mpira ukipasuka, au kibano chake kikifunguka, au fundi akiufunga kwa kipande cha waya baada ya kubadili raki endi, vumbi jembamba la kiangazi huingia na kujichanganya na grisi ikawa unga wa kusagia. Mvua ikinyesha, maji nayo huingia, hukaa ndani, na fimbo iliyokuwa iking'aa hupata kutu. Katika gari ambalo usukani wake husaidiwa na oili ya pampu, fimbo yenye kutu kila ipitapo katika sili inayoizuia oili hiyo huikwaruza, nayo sili ikikwaruzwa huanza kuvuja oili. Tangu mpira kupasuka hata raki kufa huweza kupita muda mfupi tu wa kazi nzito, na muda huo wote ile tundu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyejitaabisha kuinama. Mtu amwage oili ya injini pasipo kuipapasa mifuko miwili ya raki kwa vidole, mkunjo baada ya mkunjo, huyo nasema hajalitunza gari, ameibadilisha oili tu.

Sasa tuje kwenye kupima. Kosa lililoenea, nami nimelishuhudia Nakivale na Mbarara pia, ni kuituhumu raki mwanzo, kwa sababu jina lake ni kubwa na mlio wa usukani hutoka upande wake. Mwenye gari akalipa, raki ikabadilishwa, na mlio ukabaki pale pale, maana uliokuwa ukilia ni mkono wa stabilaiza wenye thamani ya sahani chache za chakula. Raki iwe ya mwisho kuhukumiwa. Anza na matairi: upepo usiolingana hulivuta gari upande mmoja, tairi lililolika ukingo hulifanya litangetange, na tairi laini hufanya usukani uwe mzito hata pampu ikiwa mpya. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, si kwa kupiga teke.

Yakiisha matairi, egesha gari mahali pa usawa, magurudumu yakiwa yamenyooka, injini ikinguruma ikiwa usukani ni wa oili, na uuchezeshe usukani polepole kwa kidole mpaka uone gurudumu la mbele linaanza kutikisika. Watengenezaji wa Toyota huruhusu mchezo usiozidi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani, yaani pungufu kidogo ya upana wa vidole viwili vya mtu mzima; ukizidi hapo, pana kitu kimelegea kati ya kiganja chako na barabara, na kazi iliyobaki ni kukitafuta kilipo. Mtafutie mwenzako mahali pa kulala chini ya gari, magurudumu yakiwa bado chini, nawe uutikise usukani kushoto na kulia kwa mwendo mfupi wa haraka, naye ashike kwa mkono kiungo kimoja baada ya kingine, kuanzia krosi za mti wa usukani, kisha mahali raki ilipofungwa kwa bushi zake, kisha raki endi kwa kuubonyeza mfuko wa mpira, kisha tairodi endi. Kiungo kibovu hujitambulisha mkononi kabla hakijajitambulisha masikioni: hugota kwenye kiganja, pande mbili za kiungo zikipishana badala ya kwenda pamoja. Ni kipimo kisichohitaji chombo chochote, walakini kinahitaji subira, na fundi asiyetaka kulala chini msiongozane naye zaidi.

Kisha inua gari. Shika gurudumu kwa kushoto na kulia ulisukume na kulivuta. Likicheza namna hiyo, shaka ni ya tairodi endi, raki endi au raki. Lishike kwa juu na chini. Likicheza hivyo, shaka ni ya bolijointi au beringi ya gurudumu, na raki haina hatia. Mlio wa ko-ko-ko gari likipita mashimo madogo kwa mwendo wa polepole, usukani ukiwa umetulia, mara nyingi hutoka kwenye mikono ya stabilaiza, bushi za mkono wa chini, au kichwa cha shokomzoba. Lakini mlio uleule ukiusikia hasa mikononi mwako, ndani ya usukani, na ukaongezeka kila unapokata kona katika changarawe, basi sogea karibu na raki.

Ili kuithibitisha, fungua kibano cha mfuko wa mpira, uukunje nyuma, uishike ile fimbo yenyewe na kuisukuma juu na chini. Fanya hivyo hasa upande wa kushoto, kwa kuwa katika magari yetu ya usukani wa kulia pinioni iko kulia, na ncha ya kushoto ya fimbo haishikwi na meno bali na bushi tu, nayo bushi hiyo ndiyo inayokufa mwanzo. Fimbo ikipanda na kushuka ndani ya kasha, umepata jawabu. Nimemwona kijana mmoja fundi, katika gereji ya mabati kando ya barabara ya kutokea Mbarara, akiubonyeza mfuko wa Ipsum iliyoletwa kwa malalamiko ya usukani mzito. Mfuko ulikuwa umevimba, na alipolegeza kibano oili iliyokuwa nyekundu, sasa imekuwa nyeusi, ikamchirizika hadi kiwiko, ikifuatwa na tope la kahawia. Hakusema neno, aliichukua chupa ya oili ambayo mwenye gari alikuwa akiiongeza kila juma, akaisimamisha juu ya boneti mbele yake. Oili ndani ya mfuko maana yake sili za ndani zimekwisha, na hakuna oili ya kuongeza itakayozirudisha.

Pana dalili mbili nyingine za raki yenyewe ambazo mara nyingi hazina mshiriki. Ya kwanza ni usukani kulegea katikati tu na kukaza ukiukata sana, kwa sababu safari nyingi ni za kwenda mbele, na meno ya katikati hulika kuliko ya pembeni. Ya pili ni usukani kukataa kurudi wenyewe baada ya kona, ingawa matairi yana upepo na bolijointi ni laini, hususan asubuhi gari likiwa baridi. Usukani kuwa mzito peke yake si dalili ya kutosha: angalia kwanza oili kwenye kikopo chake, mkanda wa pampu, na mlio wa pampu. Na wenye Wish na Vitz wajue kwamba usukani wao husaidiwa na mota ya umeme, hauna oili wala pampu. Taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, muoneni fundi wa umeme kabla hamjamruhusu yeyote kuishusha raki.

Raki ikiisha kuthibitika imechakaa, huja majaribu ya kuitia viraka, nami nasema bila kuuma maneno kwamba viraka hivyo havifai. Kilichoenea kuliko vyote ni kuikaza ile parafujo ya springi mpaka ulegevu wa katikati uishe. Ulegevu huisha kweli, na mwenye gari huondoka na furaha. Lakini kwa kuwa meno ya pembeni hayakulika, fimbo ikifika huko hubanwa, usukani hukwama katikati ya kona, na dereva aliyekuwa na usukani mlegevu anaoufahamu sasa ana usukani usiorudi asioufahamu. Parafujo hiyo ina kipimo chake na nati ya kuifungia, nayo iliwekwa kwa ajili ya kurekebisha raki nzima, si kuifufua iliyokufa. Kiraka cha pili ni kushindilia vipande vya mpira wa tairi au bati mahali pa bushi ya fimbo. Hutulia kwa siku chache, kisha vipande hivyo husogea, na kinachosogea ndani ya kasha la usukani chaweza kuuzuia usukani. Raki endi na bushi za kufungia raki zinabadilishika peke yake, wala sikatazi. Fundi mwenye kifaa na sili halisi aweza pia kuifungua raki akaitia sili mpya, madhali fimbo haina kutu wala mikwaruzo. Lakini fimbo ikiwa na kutu, au meno yakiwa yamelika, ibadilisheni yote.

Katika kununua, raki mpya ya asili ni ghali na haipatikani kila duka la Mbarara; wengi watanunua iliyotumika, na wengine wataagiza Kampala, soko la Kisekka, mwendo wa takriban kilomita 270. Sioni aibu katika raki iliyotumika, ila nataka ichaguliwe kwa macho. Chukueni raki ya zamani mkononi, au picha zake za pande zote, maana fundi aliyejifunzia kazi Bukavu ataita kremayeri na muuzaji wa Mbarara ataita stelingi raki, na herufi za modeli ya gari husema mengi kuliko jina la gari. Linganisheni urefu, mahali pa kufungia, midomo ya bomba za oili, na idadi ya mizunguko kutoka kona moja hadi nyingine. Rudisheni mifuko nyuma mwione fimbo: ing'ae tangu mwisho hadi mwisho. Izungusheni kwa mkono kote. Isikwame popote wala isiwe laini zaidi katikati. Na pana hadhari ya pekee kwa watu wa mpaka huu: Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia mwa barabara, na ijapokuwa magari ya usukani wa kulia yameingia katika baadhi ya nchi hizo, raki iliyotolewa katika gari la usukani wa kushoto haitafaa katika gari lenu hata kama jina na mwaka wa gari ni ule ule, kwa sababu pinioni imekaa upande mwingine. Nunueni pamoja nayo raki endi, mifuko na vibano vipya, na kota pini, kwani hakuna wakati rahisi wa kuvitia kuliko huo.

Kuhusu nani aifanye kazi, mafundi hodari wako Nakivale kama walivyo Mbarara; sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imewaruhusu kufanya kazi na kusafiri, na wengi wamefungua gereji zao chini ya miti na mabati. Akili hawakosi, hukosa stendi za chuma. Na hapo sina mzaha: gari lisiingiwe chini likiwa juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, ambayo hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kama fundi hana stendi, azime, na kama hapana wa kumwazima, gari liende Mbarara.

Kabla ya kuinua, nyoosha magurudumu, toa ufunguo na uufunge usukani kwa mkanda wa kiti ili usizunguke, na katika gari lenye mfuko wa hewa ondoa waya wa betri kwanza. Usukani ukiachwa uzunguke ovyo baada ya kuachana na raki, ule utepe wa waya ulio chini yake hukatika, na taa ya mfuko wa hewa itawaka siku zote. Tia kabari magurudumu ya nyuma. Ukiisha kuinua na kutoa magurudumu, pima kwa futi urefu wa kila mkono wa tairodi, au hesabu nyuzi za parafujo zinazoonekana, na uandike, si kukariri. Toa kota pini na nati, kisha iachanishe tairodi endi kwa kifaa chake. Kama hakuna, nyundo ipige ubavuni mwa jicho la chuma lililoishika, wala isipige ncha ya parafujo, kwani nyuzi zikivunjika umeiharibu tairodi iliyo nzima. Weka alama ya rangi juu ya krosi na juu ya shina la pinioni ili virudi vilivyokuwa. Fungua bomba za oili kwa spana inayozishika vizuri, ukinge oili katika chombo, na papo hapo uzibe midomo ya bomba kwa kitambaa safi au nailoni, kwa sababu vumbi la Isingiro halingojei. Kisha zifunguliwe bolti za raki yenyewe. Katika magari mengine raki hutoka kwa ubavu mara moja; katika mengine ni lazima fremu ya chini ishushwe na injini ishikiliwe, nalo ni jambo la kuuliza kabla ya kuanza, si baada ya kufika nusu.

Raki mpya isifungwe kabla ya kuwekwa katikati: izungushe mpaka mwisho wa upande mmoja, hesabu mizunguko mpaka mwisho wa pili, kisha irudishe nusu kamili. Asiyefanya hivyo gari lake litakata kona ya kushoto vizuri na ya kulia kwa shida. Funga bolti kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia kama ipo, na bolti ya krosi iingie barabara katika mfereji wake juu ya shina, kwani ikikaa juu juu siku moja itachomoka, na usukani wote utabaki mkononi bila gari. Nati ya tairodi endi ikikazwa na tundu lisilingane na kota pini, kaza mbele kidogo mpaka vilingane. Usiilegeze kurudi nyuma. Rudisha urefu wa mikono kwa kipimo ulichoandika.

Oili ya zamani isirudishwe. Ina unga wa chuma wa raki iliyokufa, nao ndio utakaoila mpya. Safisha kikopo na bomba kwa kupitisha oili safi kidogo na kuimwaga. Toyota nyingi hutumia oili ya gia za otomatiki aina ya Dexron II au III, Honda ina yake, na kifuniko cha kikopo au kitabu ndicho shahidi. Kamwe isitiwe oili ya breki, ambayo huvimbisha na kuozesha sili. Jaza, na magurudumu ya mbele yakiwa bado juu, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, ukiongeza oili inavyoshuka. Hewa hutoka kwa mapovu. Ndipo uwashe injini na kurudia, wala usiubane usukani kwenye mwisho wa kona zaidi ya sekunde chache, kwa kuwa pampu huungua hapo. Oili ikitulia bila povu na pampu ikanyamaza, shusha gari.

Lililobaki ni kulinganisha magurudumu. Vipimo vya mkono ulivyoandika hulifikisha gari kwenye mashine ya alainimenti kwa mwendo wa polepole, havitoshi kulitia kazini. Gari lililofungwa raki Nakivale na kuanza kupakia kesho yake bila kupita alainimenti Mbarara hula matairi mawili ya mbele, na thamani ya matairi hayo huzidi gharama ya alainimenti mara nyingi. Baada ya kilomita kama 100, kagueni tena bolti zote, midomo ya bomba, na vibano vya mifuko.

Na ile raki ya zamani isiachwe gerejini. Katika nchi ambayo kila chuma kina mnunuzi, itaoshwa kwa petroli, itapakwa rangi nyeusi, itawekwa kwenye rafu pamoja na zilizo nzima, na mtu mwingine ataifunga katika gari la kubebea watu. Kabla hujaondoka, mwombe fundi aikate fimbo yake kwa msumeno wa chuma mbele ya macho yako, kisha iuzeni kwa kilo kama chuma chakavu.